Pua au Mdomo? Pumzi Zetu Katika Mbio za Jumamosi

Tangu chama chetu cha Kiswahili kianzishe mbio za Jumamosi asubuhi kando ya mto Mississippi, hakuna jambo lililobishaniwa kama hili: mtu anapokimbia, avute pumzi kwa pua au kwa mdomo? Ubishi huanza tunapofunga kamba za viatu, hukatika tunapopanda kilima na kila mmoja kukosa pumzi ya kusemea, kisha hufufuka kwenye chai. Upande wa pua husema pua iliumbwa kwa ajili ya pumzi, na mdomo kwa ajili ya chakula na maneno. Upande wa mdomo hujibu kwamba wenye pua zao wakifika, watakuta chai imekwisha.

"Kaka, funga mdomo, baridi itakuingia kifuani!"

"Nikiufunga, dada, roho itanitoka!"

Majibizano haya yametuchekesha sana. Lakini mwezi Januari, kipimajoto kinaposoma digrii 15 chini ya sifuri, suala hili huacha kuwa la mzaha. Wengi wetu tumekuja hapa Minnesota kutoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Bukavu au Bujumbura, na vifua vyetu havikuwahi kukutana na hewa ya namna hii. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, nusura aache kukimbia kabisa kwa sababu ya kikohozi, na kila aliyemsikia akikohoa alimpa ushauri uleule: funga mdomo. Habari yake tutaieleza hapa chini. Kwanza tuangalie pua na mdomo, kila kimoja kina kazi gani.

Kazi ya pua

Pua si tundu tu la kupitishia hewa. Ndani ya mianzi yake mna nywele zinazonasa vumbi, na nyuma ya nywele hizo mna kuta zilizojikunja, zilizofunikwa na utando wenye ute na mishipa mingi ya damu. Hewa inapopita hapo hugusana na utando huo, ikapashwa joto na kuongezewa unyevu. Inapofika mapafuni, hata kama huko nje ni barafu tupu, huwa imekaribia joto la mwili, yaani digrii 37, na imeshiba maji. Vumbi na chavua vilivyonaswa kwenye ute husukumwa polepole kuelekea kooni, tukavimeza bila kujua.

Ndiyo maana pua hutiririka tunapokimbia kwenye baridi. Mara nyingi hayo si mafua. Pua huongeza ute ili kulainisha hewa kavu, na mvuke wa pumzi tunayoitoa nao hugeuka maji unapokutana na ubaridi wa mianzi ya pua. Leso mfukoni inatosha.

Pua ina faida nyingine ambayo wazee wetu hawakuijua. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walionyesha kwamba vile vishimo vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, ambavyo hutuuma tukipata mafua makali, hutengeneza gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Mtu akivuta hewa kwa pua, kiasi kidogo cha gesi hiyo huteremka nayo hadi mapafuni na kusaidia mishipa midogo ya damu itanuke. Akivuta kwa mdomo, gesi hiyo hubaki nyuma. Kwa hiyo upande wa pua una hoja, tena nzito.

Mlango ulio mwembamba

Shida ya pua ni upana wake. Mwili ukiwa umetulia, karibu nusu ya ukinzani wote ambao hewa hukutana nao kutoka nje hadi ndani ya mapafu unatoka puani. Tukiwa tumekaa darasani hilo halitusumbui. Mtu mzima huvuta pumzi mara 12 hadi 16 hivi kwa dakika, kila pumzi karibu nusu lita, yaani lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akianza kukimbia polepole, kiasi hicho hupanda hadi lita 40 au zaidi. Akikimbia kwa nguvu zake zote hupita lita 100, na wanariadha wakubwa hupita hata 150. Ni kama kuutoa umati mzima wa ukumbini kupitia mlango mmoja: watu watatoka, lakini kwa kusukumana.

Mwili una dawa yake ya msongamano huo. Mwaka 1980 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliokuwa wakifanya mazoezi huku wakiongezewa kazi kidogo kidogo. Kwa walio wengi, mdomo ulifunguka wenyewe hewa ilipofikia takriban lita 35 kwa dakika, ingawa wapo waliowahi na waliochelewa. Kwa wengi wetu, hapo ndipo matembezi ya haraka yanapogeuka mbio. Jambo la kuzingatia ni kwamba mdomo unapofunguka, pua haifungwi. Kuanzia hapo hewa hupita kote kuwili. Kumbe neno linalotugombanisha katika swali letu ni lile "au".

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tusivumilie tu? Jibu limo katika damu. Kinachotuhimiza kuvuta pumzi wakati wa mbio si upungufu wa oksijeni hasa, bali hewa ya ukaa inayoongezeka misuli inapofanya kazi. Ubongo huipima hewa hiyo, na ikizidi huamuru mapafu yaitoe. Mtu akibana mdomo kwa ukaidi huku miguu inakwenda kasi, hewa ya ukaa hurundikana na hofu ya kukosa pumzi humwandama. Atapunguza mwendo au atafungua mdomo, hana njia ya tatu.

Hata hivyo pua inaweza kuzoezwa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika jimbo la Colorado kuhusu wakimbiaji 10 waliokuwa wamejizoeza kukimbia kwa pua pekee kwa muda usiopungua miezi 6. Walipopimwa kwenye mashine ya kukimbilia, walifikia upeo uleule wa kutumia oksijeni kwa pua kama kwa mdomo, na walipotumia pua walivuta pumzi mara chache zaidi kwa dakika. Ni habari njema kwa wapenzi wa pua. Lakini watu 10 ni wachache, nao walikuwa wameichagua wenyewe njia hiyo. Utafiti huo unatuonyesha linalowezekana kwa aliyejizoeza kwa miezi mingi. Hautuambii la kumwambia mwanachama mpya anayekimbia kilometa yake ya kwanza.

Mdomo wazi si aibu

Wengi wetu tulilelewa kwa onyo moja: funga mdomo, nzi wataingia. Mdomo ulioachama ulihesabiwa kuwa dalili ya uzembe. Wamarekani nao wanalo onyo lao. George Catlin, mchoraji aliyejulikana kwa picha zake za wenyeji wa asili wa Marekani, alichapisha katika miaka ya 1860 kitabu kizima cha kuwahimiza watu wafunge midomo, hasa wakiwa usingizini. Ushauri wa kitandani ni kitu kimoja, ushauri wa mbio ni kingine. Aliyelala anahitaji lita chache tu za hewa, na pua inazimudu.

Wanaodhani kwamba pumzi nzuri lazima ionekane nzuri wamkumbuke Emil Zátopek wa Czechoslovakia. Kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, na hiyo marathoni ndiyo ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Alikimbia uso umekunjamana, mdomo wazi, akihema kwa sauti, hata akapewa jina la utani la garimoshi. Medali zake tatu hazikupunguzwa dhahabu kwa sababu hiyo.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mzigo wa ziada. Mmarekani akisikia lugha yetu kwenye njia ya mtoni hudhani sote tumetoka Iten, akatuomba siri ya pumzi ya Wakenya. Mwanachama wetu wa Unguja, ambaye kabla ya kuja huku alikuwa hajawahi kukimbilia chochote isipokuwa daladala, ameulizwa hivyo zaidi ya mara moja. Siri ya pua haipo. Iten iko kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, ambako hewa ni nyepesi, na wanaozaliwa na kufanya mazoezi huko miili yao huizoea hali hiyo kwa miaka mingi. Eliud Kipchoge alipokimbia kilometa 42.195 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, alikuwa akimaliza kila kilometa kwa dakika 2 na sekunde 50 hivi. Kwa kasi hiyo mwili hudai hewa kwa kila mlango ulionao.

Kupumua, kuhema, kutweta

Lugha yetu imekwisha kutupangia ngazi za mbio. Mtu aliyetulia anapumua. Akiongeza mwendo anahema. Akifika mwisho wa nguvu zake anatweta. Hata neno kupumzika tumelitoa kwenye pumzi, kwa maana ya kuirudisha mahali pake. Makocha hapa hutumia jaribio la mazungumzo: ukiweza kuongea, mwendo ni mwepesi, na usipoweza, ni mzito. Sisi tumelifanyia jaribio hilo ukarabati kidogo kwa kutumia methali, kwa kuwa methali nyingi zina vipande viwili, na mara nyingi mmoja huanza na mwenzake akamalizia.

Ukiweza kusema "Haba na haba hujaza kibaba" kwa pumzi moja, kisha ukabishana na mwalimu juu ya maana yake, bado unapumua. Ukisema "Haba na haba," ukavuta pumzi, ndipo ukamalizia "hujaza kibaba," unahema. Ukitamka "Haba na haba" na jirani yako akalazimika kukumalizia, ndugu yangu, unatweta.

Katika ngazi ya kwanza, pua ni kipimo kizuri sana. Siku za mbio nyepesi, ambazo kwa mkimbiaji wa kawaida zinapaswa kuwa nyingi kuliko siku za mbio ngumu, jaribu kuvuta pumzi kwa pua. Ukishindwa, huenda mwendo wako ni wa kasi kuliko ulivyokusudia. Wanaoanza huumia na kukata tamaa kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote: kila siku kwao ni siku ya kutweta. Pua huwazuia. Katika ngazi ya pili na ya tatu, acha mdomo ufunguke bila kuona haya, na ushushe pumzi yote nje kabla ya kuvuta nyingine. Wengi wanaohisi wamekosa hewa huwa wanavuta pumzi fupi fupi za juu juu kifuani. Weka kiganja juu ya tumbo uone kama linajaa unapovuta na kunywea unapotoa.

Kuhusu kuhesabu hatua, tusijitie pingu. Mwaka 1983 Dennis Bramble na David Carrier walieleza katika jarida la Science kwamba wanyama wa miguu minne wakikimbia mbio kali hulazimika kwenda na pumzi moja kwa kila mruko, ilhali binadamu, kwa kuwa husimama wima, ana uhuru wa kubadili mpango. Mpango uliozoeleka zaidi kwa wakimbiaji ni pumzi moja kwa hatua nne, yaani mbili ukivuta na mbili ukitoa. Ukikufaa, uchukue. Ukikuvuruga, uache, miguu itautafuta wenyewe.

Kikohozi ambacho si cha adabu

Sasa turudi kwa mwenzetu wa Mombasa. Katika mwezi wa Oktoba alikimbia vizuri. Baridi ilipokaza, kila Jumamosi ilikuwa na mtindo mmoja: anakimbia bila shida kubwa, anasimama, na dakika chache baadaye kikohozi kinamshika, kifua kinabana, na pumzi inatoa mlio mwembamba kama filimbi. Baada ya nusu saa hivi hali hupoa. Wapo waliosema ni ugeni wa baridi. Wapo waliosema hana mazoezi ya kutosha. Wengi walimwambia afunge mdomo, naye akajitahidi kuufunga mpaka machozi yakamtoka. Alipofikia kusema kwamba mbio si za watu wa pwani, mmoja wetu alimsindikiza kwa daktari.

Daktari alimpulizisha kwenye mashine ya kupima pumzi, akamkimbiza, kisha akampulizisha tena. Jibu lilikuwa wazi: pumu inayochochewa na mazoezi. Hewa kavu na baridi inapoingia kwa wingi, vijia vya hewa ndani ya mapafu hupoteza maji na joto haraka, na kwa baadhi ya watu misuli inayovizunguka hujibana. Dalili zake ni hizohizo alizokuwa nazo, na kawaida yake ni kujitokeza wakati wa mbio au dakika chache baada ya kusimama, kisha kupoa ndani ya nusu saa hadi saa moja. Kwa kuwa hupoa zenyewe, watu huzipuuza.

Pua husaidia hapa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 juu ya vijana wenye pumu ulionyesha kwamba walipofanya mazoezi wakipumua kwa pua, vijia vyao vya hewa vilibana kidogo sana kuliko walipopumua kwa mdomo. Lakini kusaidia si kuponya, na tumekwisha kuona kwamba mwendo ukizidi pua haitoshi. Anayemwambia mgonjwa wa pumu afunge mdomo tu ni kama anayemwambia mwenye malaria ajifunike blanketi.

Ugonjwa huu hauzuii mbio. Paula Radcliffe wa Uingereza alikuwa na pumu tangu ujana wake, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia iliyodumu hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipokimbia kwa 2:14:04 mjini Chicago, siku moja tu baada ya Kipchoge kumaliza kule Vienna. Mwenzetu naye sasa hutumia dawa aliyoandikiwa kabla ya kutoka, hujipasha mwili kwanza, na anakimbia kilometa 5 pamoja nasi.

Tunayopendekeza

Kwa kuwa majira ya baridi bado ni marefu, tunawaomba wanachama wazingatie haya.

Jipashe mwili kwa dakika 10 hadi 15 kwa kutembea na kukimbia polepole kabla ya kuongeza kasi. Mwili uliopashwa taratibu hauwi na pupa ya hewa.

Funika pua na mdomo kwa skafu nyepesi. Pumzi unayoitoa huacha joto na unyevu kwenye kitambaa, na hewa inayoingia huvichukua. Skafu ikilowa na kuganda, igeuze upande.

Anza kwa pua, na mdomo ukitaka kufunguka uache. Usijibandike plasta mdomoni wakati wa mbio. Zile plasta za kutanua pua humpunguzia mtu usumbufu wa pua iliyoziba, lakini usitarajie zikuongezee kasi.

Baridi ikizidi, au moshi ukitanda kama ule wa misitu ya Kanada uliotufikia kiangazi cha 2023, kimbia ndani. Chembe za moshi ni ndogo mno, pua haiwezi kuzichuja zote.

Kikohozi, kifua kubana au mlio wa filimbi vikijirudia kila ukikimbia, nenda zahanati ya chuo. Ukiona mwenzako anashindwa kumaliza sentensi hata baada ya kusimama, midomo inabadilika rangi, au ana maumivu makali ya kifua, piga simu 911 papo hapo.

Na kwa wale wanaopenda kuwakosoa wenzao njiani, tunaomba jambo moja tu. Kabla ya kumwambia mtu afunge mdomo, mwulize anajisikiaje. Akikujibu kwa methali nzima, mwache aendelee. Akikujibu kwa nusu yake, mmalizie, kisha mpunguze mwendo pamoja.

Mbio zinaendelea kila Jumamosi, na walimu wanakaribishwa. Kila mmoja aje na methali yake, ikiwezekana ndefu.